Khavere Abaki Nyumbani

Kwa Muhonja wangu,

Sitakuuliza kama u mzima. Asubuhi nimekuona ukimaliza sahani yako ya viazi vitamu kisha ukaisogeza na ya baba yako, kwa hivyo habari za afya yako ninazo. Mimi pia ni mzima, ila nina jambo, na si jambo jepesi kumwambia mtu ambaye kesho anapanda ndege kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana naliandika. Nikilisema utanikatiza, nami nitapandisha sauti, baba yako ataongeza redio, na mwisho wake tutakuwa tumegombana juu ya redio.

Niko dukani. Mvua ya alasiri imeanza kama kawaida yake, na watu wamejibanza hapo barazani bila nia yoyote ya kununua kitu. Wewe uko Amalemba kwa Mama Linet unasukwa, na kwa jinsi ninavyozijua nywele zako, nina muda wa kutosha. Mambo ya sweta, pasipoti na kupiga simu ukifika nimemwachia shangazi yako Rosa. Amekuwa akijiandaa kukuhutubia tangu habari za safari yako ya Uholanzi zilipofika, na sitaki kumnyima raha yake.

Mimi nataka tuzungumze juu ya jina.

Jumapili uliponiambia kwamba ile programu ya kompyuta uliyotengeneza na mwenzako Kelvin umeamua kuiita Khavere, nilicheza. Uliniona. Nilicheza hapo jikoni na mwiko mkononi mpaka mboga ikashika sufuria. Mama yangu mzazi, aliyezaliwa, akalima na akazikwa ng'ambo ya Mukumu, sasa jina lake lisomwe na maprofesa wa Ulaya! Niliwaambia wanawake wenzangu wa kanisani. Nilimwambia mwenye bucha. Nilimwambia hata dada anayetuletea maziwa, ambaye hakuwa ameuliza chochote. Ukanieleza kwamba Jumatatu hii inayokuja lile jarida la sayansi linataka jina la kudumu, na likishachapishwa, kila atakayeitumia hiyo programu ataliandika jina hilo hilo katika kazi zake, kwa hivyo kulibadilisha baadaye ni taabu tupu. Nikakujibu, nani anataka kulibadilisha?

Sasa mimi ndiye ninayetaka. Naomba umtoe mama yangu kwenye hilo jina.

Sentensi hiyo imeniuma kuiandika. Nimeiacha kalamu, nikaenda kupima chakula cha kuku ambacho hakuna mtu aliyekiagiza, halafu nimerudi. Bado naomba hivyo hivyo.

Ngoja nikueleze kilichotokea. Juzi aliingia hapa mwanamume mmoja mrefu, mpole, amevaa koti lenye vumbi la chaki kwenye mikono. Mwalimu wa jiografia, kutoka upande wa Butere. Alitaka mbegu za sukuma wiki za shamba la wanafunzi. Nilipokuwa namtafutia, akaanza kuongea.

"Mama, wewe hukutananga na watu wengi hapa. Nimesikia kuna programu ya bure, imetengenezwa na vijana wa hapa hapa Kakamega. Inajazanga siku za mvua zenye hazikuandikwa. Unaijua?"

"Inajaza nini?"

Akanieleza kwa subira, kama walimu wanavyoeleza. Pale shuleni kwake wanafunzi wana kipimo cha mvua, na kila asubuhi mmoja wao hukisoma na kuandika. Shule ikifungwa, watoto wanaenda kwao na kipimo kinabaki peke yake na mbuzi. Kwa hivyo kila likizo ni pengo, na mapengo yenyewe huangukia pale pale mtu anapotaka kujua mvua ya kupandia ilianza lini hasa. Alisikia habari za programu hiyo kwenye mkutano wa walimu, ila aliyeitaja hakulikumbuka jina.

"Nimetafuta kwa simu mpaka bando ikaisha," akasema. "Naandika mvua, naandika rekodi, naandika Kakamega. Hakuna kitu."

"Pole, mwalimu. Hiyo sijaisikia. Jaribu kuuliza pale saiba, kwenye kompyuta, karibu na soko." Halafu, kwa sababu sikuwa nimejisifu tangu asubuhi, nikaongeza, "Lakini hata msichana wangu ametengeneza programu! Inaitwa Khavere."

"Eh, hongera sana, Mama. Hiyo inafanya nini?"

"Ni ya sayansi," nikasema, kifua mbele.

Akanipongeza tena, akachukua mbegu zake akaenda kutafuta gari la Butere.

Najua sasa hivi umeshika kichwa, pamoja na hizo nywele mpya. Nami nilikishika changu, ila nilichelewa. Jioni ile ulipokuwa ukimweleza baba yako tena, kwa mara ya mia, nami kwa mara ya kwanza nikisikiliza, kwamba kazi ya programu yenu ni kuangalia vipimo vya shule za jirani na kujazia zile siku za likizo ambazo hakuna aliyesoma, tonge la ugali lilinisimama kooni. Wewe ulidhani ni mwiba wa samaki ukanipiga mgongoni. Haukuwa mwiba. Alikuwa mwalimu wa Butere.

Muhonja, yule mtu aliitafuta programu yako kwa jasho. Alimfikia mama wa aliyeitengeneza. Nilimtajia jina lake kwa mdomo wangu, akalisikia kwa masikio yake, na sote wawili hatukuitambua. Akarudi kwao mikono mitupu, ukiacha mbegu za sukuma.

Utasema, kama ulivyomwambia Kelvin, kwamba kizuri chajiuza. Mimi ni mwanamke wa duka na nakuambia kizuri hujiuza kikiwa mezani, mteja anakiona. Kikiwa ndani ya gunia lililofungwa na juu yake limeandikwa jina la bibi yako, mteja atalikalia akipumzika, kisha ataondoka.

Wala sisemi haya kwa kuwa nilizaliwa nikiyajua. Duka hili nililifungua kwa jina gani? Unalikumbuka. Neema Tele Enterprises. Nilikuwa nimefunga na kuomba, na jina likaja nikiwa nimepiga magoti, na sikutaka kusikia la mtu. Fundi wa mabango aliniuliza, "Mama, nichore hata kuku kidogo hapa pembeni?" Nikamwambia achore njiwa. Akachora njiwa mweupe mwenye tawi mdomoni, mzuri ajabu, na mimi nikakaa ndani na mbegu zangu na dawa zangu za kupe, nikingoja wakulima.

Wakulima hawakuja. Alikuja bibi harusi kuuliza kama tunakodisha magauni. Wakaja watu kutoa fotokopi. Akaja kijana mmoja na Biblia, akaketi, akauliza ibada inaanza saa ngapi. Wakulima wenyewe niliwaona wakipita hapo nje na matoroli, wakienda kununua mbolea kwa mzee wa kule mwisho ambaye mlango wake ulikuwa umeandikwa MBOLEA kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka geti. Niliwaona, nikawaambia malaika wangu kwamba watu wa Kakamega hawana imani.

Ndipo wewe, ukiwa darasa la tano, umekaa juu ya gunia la chakula cha kuku na mdomo umejaa njugu, ukaniuliza, "Mama, kwani hapa tunauza neema?"

Nilikutuma nyumbani ukaoshe vyombo. Lakini wiki hiyo hiyo nilimwita fundi arudi. Sasa bango linasema Mbegu na Dawa za Mifugo, kwa herufi ambazo hata mtu aliye kwenye lori anazisoma, na njiwa wangu amebaki kule chini kwenye kona pamoja na Neema Tele kwa herufi ndogo. Hakuna mteja anayemwona. Mimi namwona kila nikifungua, na ananitosha.

Kwa hivyo mwalimu wangu katika jambo hili ni wewe, mama. Nakurudishia tu somo lako, na vyombo safari hii nitaosha mimi.

Nimekatizwa. Mzee mmoja ameingia kutoka mvuani anataka dawa ya ingokho, kuku wake wanaopiga chafya. Nimeona heri nimjaribu kwa lile jina alilopendekeza Kelvin. Nikamuuliza, "Mzee, ukisikia kitu kinaitwa JazaMvua, utadhani ni ya nini?" Akafikiri, maji yanamtiririka kwenye kofia. "Hiyo si ni tangi?" Nikawauliza wale wa barazani. Mmoja akasema, "Ni kitu ya kujazanga mvua yenye ilipotea." Mwanafunzi mmoja wa kike akasema lazima inahusu vipimo, maana shuleni kwao wanacho. Mwenye bodaboda akasema ni mganga. Basi hilo jina la Kelvin nalo si malaika. Lakini sikia, kila mmoja wao alitaja maji. Nilipowauliza kuhusu Khavere, wote walisema jambo moja: "Ni mama ya nani?"

Ulipolisikia JazaMvua kwa mara ya kwanza ulisema ni jina la chakula cha kuku, na mimi ninayeuza chakula cha kuku nilicheka mpaka machozi, huku kijana wa watu amekaa hapo na kikombe cha chai hajui pa kutazama. Tulimkosea. Mgala muue na haki yake mpe: kati ya yote yaliyopendekezwa, lile refu la profesa wenu lililounganishwa kwa herufi za mwanzo mpaka likawa kama mtu anakohoa, na la kwako, ni la Kelvin peke yake lililomfikiria mtu ambaye bado hajaijua hiyo kazi.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo, siku ulipopewa jina lako wewe.

Ulizaliwa hospitali ya Mukumu, ukaletwa nyumbani, ukaanza kulia. Si kulia kwa njaa. Ulikuwa unalikataa titi na kupindisha mgongo. Watu wa upande wa baba yako wakaja, maana ilikuwa wazi kwamba mtoto anatafuta jina, na kazi ya kuita majina ya waliotangulia akapewa bibi yako, kukhu Khavere, kwa sababu alikuwa na mikono mitulivu, ingawa majina yenyewe hayakuwa ya ukoo wake. Babu zako wadogo walikuwa na jina lao tayari. Walitaka uitwe jina la bibi mmoja wa zamani aliyekuwa na ng'ombe wengi, na sifa zake zinasimuliwa mpaka leo kwenye matanga. Khavere akaliita. Ukalia. Wakasema hajasikia, liite tena. Akaliita tena, ukazidi. Basi babu yako mmoja akasimama akaliita mwenyewe, kwa sauti ya kuitia ng'ombe, na wewe ukapiga ukelele hata mbwa akatoka nje.

Khavere akawatazama. Akasema, "Mtoto si kiziwi. Hamtaki tu huyo." Akaanza kuwaita wengine taratibu, wale wadogo, wasio na hadithi. Alipofika kwa Muhonja, ambaye hakuna aliyekumbuka lolote juu yake ila kwamba alikuwa akipenda kunywa uji wa moto, ukanyamaza. Ukashika titi. Ikawa basi.

Nimeiwaza sana siku hiyo tangu juzi. Sisi watu wa huku hatumpi mtoto jina tunalolipenda sisi. Tunaita, tunasikiliza, tunaita tena, mpaka tupate linaloitikiwa. Na kosa letu kubwa, kosa ambalo naliona ukilifanya na mimi nikikupigia makofi, ni kusimama na jina letu zuri na kuongeza sauti. Unaweza kumwita mwalimu wa Butere "Khavere! Khavere!" tangu asubuhi mpaka jioni, hatageuka. Hakumjua mama yangu. Yeye anaitwa na mvua.

Najua kwa nini ulimchagua. Ulikuwa unakaa naye likizo, na yeye na kopo lake tupu la mafuta ya kupikia, kipimo chake cha mvua, juu ya nguzo ya ua, akilichungulia baada ya kila mvua kabla hajakubali kupanda. Majirani wakipanda kwa mvua ya kwanza, yeye alikuwa anaingiza kidole udongoni anasema bado. Miaka mingi alikuwa sahihi. Lakini usimfanye mtakatifu. Kuna mwaka alisema bado, bado, mpaka msimu ukapita, tukala mahindi ya watu, na hakukubali kamwe kwamba alikosea. Alisema kopo lilitoboka. Ungemwambia kwamba programu ya kompyuta inaitwa yeye, angeuliza kama inalipwa.

Na mimi pia najua kwa nini nililipenda. Hili ndilo gumu, mama. Tangu tumzike, hakuna mtu anayeita Khavere kwa sauti. Watu husema marehemu, au kukhu, au mama yenu. Jumapili ulipolisema jikoni, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliye chumba cha pili, kidogo tu nimwitikie kwa niaba yake. Nilitaka dunia nzima ilitaje. Nilikuwa nakutumia wewe na kazi yako ya miaka kunirudishia mama yangu, na wewe kwa upendo ulikuwa umekubali. Ndiyo maana ni mimi niliyepaswa kukufungua, maana wewe mwenyewe kuniondolea hilo jina, najua usingeweza.

Basi nakufungua. Khavere abaki nyumbani. Nimekusikia ukisema kwamba kila toleo jipya la programu hupewa jina lake la utani ambalo wenye kazi pekee huliona. Mpe yeye toleo la kwanza. Au chukua zile namba za kopo lake, zile ulizokuwa ukiandika nyuma ya daftari lako la hesabu, uziweke humo ndani kama mfano wa kujifunzia. Hiyo ndiyo kona ya njiwa wangu. Juu kabisa weka jina linalosema kazi, na chini yake mstari mmoja mwepesi wa kueleza, ili yule mzee wa ingokho asije akaagiza tangi. Halafu uangalie kwanza kama hakuna mwingine duniani aliyekwisha kulichukua, maana mliniambia hilo nalo huwa linawakuta watu.

Wewe unaitoa kazi hii bure. Mtu yeyote aichukue, aifungue ndani, airekebishe, aitumie Tanzania, aitumie Uganda, hata kule ambako hatujui kunanyesha vipi. Ni vizuri, nimekulea hivyo. Lakini kutoa kitu bure kisha ukakificha nyuma ya jina ni kama kupika kwa ajili ya wageni na kufunga geti.

Jambo la mwisho kabla hujarudi. Simu yako imekuwa ikilia mezani, Kelvin akipiga, nawe unaigeuza ilale kifudifudi. Ipokee leo. Utakuwa mgeni huko, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Utahitaji mtu wa huku anayeijua kazi yako nusu kwa nusu. Mwambie mama yako anamwomba radhi kwa kile kicheko, na akija nitampikia kuku, si chakula cha kuku.

Lifikirieni hilo jina, mlijaribu kwa watu, msikilize nani anageuka. Sikuchagulii. Mkishapatana, nitumie kwa ujumbe, neno hilo moja tu, hata kabla ya kuniambia kama ndege ilikuwa na baridi. Nina kadibodi hapa na kalamu nene. Nitaliandika kwa herufi za kusomwa kutoka kwenye lori, nilibandike mlangoni, na mwalimu wa Butere akirudi kutafuta mbegu nyingine hatahitaji kuniuliza mimi chochote.

Mvua imekatika, na barazani wamebaki wawili tu. Nakuona unakuja kule ng'ambo ya barabara umefunika kichwa kwa mfuko wa nailoni, unaruka madimbwi, umependeza mno. Barua hii naitia kwenye mfuko wa lile sweta ambalo Rosa atahakikisha umelivaa jioni hii.

Nenda, mwanangu. Nyumbani humu jikoni, nikiwa peke yangu na mwiko wangu, nitakuwa namwita Khavere kwa sauti mara moja moja, asisahau. Na wewe ukiniita kutoka huko, iwe Mama, iwe Mathe, iwe hata Neema Tele, nitaitika.

Mama yako,
wa Mbegu na Dawa za Mifugo